Coral Tongoa, Dereva Aliyesimamisha Treni Darajani

Ijumaa ijayo, tarehe 28 Novemba, treni ya saa tisa alasiri ikirudi stesheni, Coral Tongoa atafunga breki, atajifuta mikono kwa kitambaa chake cheusi kwa mafuta, kisha atashuka kwenye kichwa cha garimoshi akiwa dereva kwa mara ya mwisho. Amefanya kazi hapa Makumbusho ya Kinu cha Sukari, Halloran, kwa miaka thelathini na minne. Sisi tulio wadogo kwake tunamwita Shangazi. Waliokuwa wakubwa kwake wamekwisha.

Ofisi iliniomba niandike machache ya kumuaga. Meneja wetu wa sasa alikuja mwenyewe dirishani kwangu, ninapouzia tiketi, akaegemea ukingo na kutabasamu.

"Glenys, andika kitu kitamu," akaniambia. "Ucheshi wake, upole wake. Sema kwamba miaka yote hii hatujamsikia akilalamika."

Nilimtazama nione kama anatania. Wapi! Basi naanzia hapo hapo. Coral Tongoa alilalamika. Alilalamika kwa kila meneja aliyewahi kukikalia kile kiti cha ngozi, na kama leo mgeni anaondoka hapa na neno moja la kweli kichwani, limetokana na malalamiko yake. Atakayeudhika na maneno haya na audhike. Sisi wengine tumeudhika zaidi ya miaka mia moja, na kazini tunakuja.

Coral alizaliwa hapa hapa Halloran, ng'ambo ya mto, upande ambao lami haikufika mpaka yeye mwenyewe ana watoto. Baba yake alikata miwa. Mama yake alifua mashuka ya hospitali. Kama sisi sote wa ng'ambo ile, yeye ni mjukuu wa watu wa visiwani, wale waliodanganywa na kupakiwa melini kule Pasifiki, wakaletwa kufyeka msitu huu na kupanda miwa iliyotajirisha wengine.

Aliyelala Halloran hata usiku mmoja anamjua Davie wa Mafuriko. Sanamu yake imesimama kwenye mdomo wa daraja, shaba tupu, kifua wazi, kamba begani. Sura yake iko kwenye makopo ya biskuti. Jina lake liko juu ya mlango wa baa. Kuna na kitabu cha picha ambacho kila mtoto wa hapa alisomewa: mwaka 1893 mto ulipofurika, Davie Halloran, mtoto wa mwenye kinu, kijana wa nywele nyekundu, alijifunga kamba kiunoni, akajitupa kwenye maji yanayonguruma, akavuka, akaifunga upande wa pili, na watu wakaokoka kwa kuishika kamba ile. Watu wenyewe waliookolewa wamechorwa kwenye ukurasa mmoja tu: mikono mingi myeusi inachomoza majini. Hakuna hata uso mmoja.

Coral alipokuwa darasa la nne, mwalimu alitunga igizo la mafuriko kwa siku ya wazazi. Mtoto wa daktari akapewa sehemu ya Davie kwa sababu ya nywele zake. Coral, ambaye shule nzima ilijua kwamba hakuna wa kumshinda kuogelea, akaomba naye apewe sehemu ya kusema.

"Wewe na binamu zako mtakuwa mikono," mwalimu akamjibu.

Wakalazwa sakafuni chini ya shuka la buluu, wakaambiwa watoe mikono na kuipungapunga. Coral alikaa chini ya shuka lile mpaka igizo likaisha, ukumbi ukapiga makofi, Davie akainama kushukuru mara tatu. Watoto wa chini ya shuka hawakuitwa kuja kuinama.

Alirudi nyumbani akamkuta babu yake, Babu Abel, ameketi barazani anakuna viazi vikuu vya kupikia laplap, chakula cha kwao visiwani. Mzee akamuuliza igizo limekwendaje.

"Nilikuwa mkono," Coral akasema.

Mzee akaacha kukuna. "Nani kakwambia wewe ni mkono?"

"Mwalimu."

"Keti hapa."

Akamwambia alichopaswa kuambiwa na mwalimu. Huyo Davie, siku ile ya mafuriko, alikuwa na miaka saba. "Mtoto wa miaka saba anavuka mto huu na kamba? Mto huu? Davie alikuwa mgongoni kwa baba yangu, analia kama mbuzi, kamkaba baba shingo mpaka akamwachia alama za kucha."

Baba yake Abel, yaani babu mzaa babu wa Coral, waajiri wake walimwita Wili. Kwao, kisiwani Tongoa, aliitwa Masoe. Alikuwa kijana wa mitumbwi kabla hajaletwa hapa. Maji yalipokuja hayakuchagua. Yaliyazunguka mabanda ya watu wa visiwani, na nyumba ya tajiri nayo yakaizunguka. Wili alitoka mabandani na kamba, akavuka, akaifunga kwenye bomba la moshi la kinu, watu wakavuka wakining'inia. Alipokwisha kuwavusha wa kwao, alisikia kelele kutoka nyumba kubwa. Angeweza kukaa chini apumue. Alirudi majini. Alimtoa mke wa tajiri, akamtoa na mtoto.

"Halafu wakampa nini?" Coral akauliza.

"Wakampa meli."

Maana miaka kumi na minne baadaye ilitekelezwa sheria kwamba nchi hii iwe ya Wazungu watupu, na watu wa visiwani warudishwe makwao, wakitaka wasitake. Wili alikuwa na mke na mtoto hapa. Mkewe alikuwa mwenyeji, mtu wa mto huu tangu mto uwepo, kwa hiyo yeye hawakuwa na pa kumfukuzia. Akamficha Abel kwenye mikoko asije akapakiwa na baba yake. Abel alikuwa na miaka tisa. Aliisikia honi ya meli akiwa amezama kwenye tope hadi kifuani, mkono wa mama yake ukiwa umemziba mdomo.

Waliokuwepo gatini walisimulia yaliyobaki. Davie alikuwapo, sasa ni kijana mzima mwenye kofia nyeupe, anamshikia mwavuli ofisa wa serikali. Wili alipopita alimwita kwa jina. Davie akageuka kutazama maji.

Miaka ikapita, Davie akataka ubunge, na mgombea anahitaji hadithi. Waliojua ukweli, nusu walikuwa ng'ambo ya bahari, na nusu walikuwa watu ambao neno lao halikuandikwa popote. Hivyo ndivyo mtoto aliyebebwa akawa mbebaji. Babu Abel alipomaliza, Coral alikuwa analia. Mzee akaokota kiazi chake.

"Sasa umejua," akamwambia. "Usinililie. Kasirika."

Coral alikuja makumbusho mwaka 1991, akaanza kwa kuosha mabehewa ya treni ya wageni. Baada ya mwaka akawa mchochezi wa moto chini ya dereva Hobbs, mzee aliyeamini kwamba mwanamke na boila havikai chumba kimoja. Coral akajisomea, akafanya mtihani wa boila, akapasi. Hobbs akasema cheti hakivuti treni. Msimu uliofuata mgongo wa Hobbs ukakataa asubuhi moja, Coral akaambiwa aendeshe, na wanaume wa karakana wote wakatoka kuja kumwona Coral akiaibika. Treni iliondoka kwa wakati ikarudi kwa wakati. Wanaume wakarudi karakana bila kuagana.

Yako mengi ya kuchekesha, na nisipoyaandika nitamdhulumu, kwani mwenye hasira si lazima awe mkavu. Alikaanga mayai ya wafanyakazi wote juu ya koleo la makaa, akilisukuma kwenye tanuri na kulitoa kwa mpigo mmoja, na mayai yake hayajawahi kuungua. Siku moja mgeni mwenye kamera shingoni alisimama chini ya kichwa cha treni, akamwangalia Coral aliyeshika mpini wa mvuke, akauliza, "Samahani mama, dereva yuko wapi?"

"Kaenda kunywa bia," Coral akamjibu. "Kasema mimi niwaendeshe tu, tukianguka tumeanguka."

Mgeni alipanda, lakini alikaa behewa la mwisho.

Kilichomla moyo ni lile sanduku. Kwenye behewa la kwanza kulikuwa na sanduku la kanda, na kila treni ilipokanyaga daraja, sauti ya bwana mmoja wa mjini, nzito na laini kama siagi, ilitoka kwenye spika kumsimulia Davie na kamba yake. Coral aliendesha, na nyuma yake mtu anamuua baba wa babu yake upya, kila safari, siku zote za kazi. Jaribu kuwaza hilo kabla hujaniambia habari za upole.

Alikwenda ofisini. Alikwenda tena. Mimi ofisi naisikia kutoka dirishani kwangu, ukuta ni wa mbao.

"Coral, ushahidi uko wapi?" meneja mmoja alimuuliza.

"Wa Davie uko wapi?"

"Wa Davie? Kuna sanamu!"

"Sanamu mlichonga nyinyi."

Mwingine akamwambia wageni wanakuja kustarehe, hawaji kusutwa. Mwingine akamwahidi kulifikiria, akalifikiria mpaka akahamishwa. Kisha akaja Bwana Pollard, na mwaka wa 2013 ukaja naye, mwaka wa sherehe ya miaka mia na ishirini ya mafuriko. Pollard alitaka jambo kubwa. Alimleta mwogeleaji kutoka jijini, wakampaka nywele rangi nyekundu, avuke mto na kamba mbele ya waziri na watu wa televisheni. Siku moja akamwita Coral kwa jina la Shangazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nikajua pana kitu.

"Shangazi, tunataka watu wenu nao washiriki."

"Washiriki vipi?"

"Watasimama ukingoni wamevaa magunia, kama enzi zile. Davie akitoka majini wanambeba juu, wanashangilia. Nilifikiria wajukuu zako hasa. Wana sura nzuri za kihistoria."

Coral alicheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko kama kile, na sitaki kukisikia tena.

"Pollard," akasema, "mimi niliwahi kuwa mkono. Wajukuu zangu hawatakuwa mabega."

Pollard hakuelewa, wala hakuuliza. Alikwenda kuwatafuta wengine wa kuvaa magunia, akawapata. Sitawasema vibaya, mama yangu alikuwa mmoja wao. Waliahidiwa nyama choma na viti vya mbele, na kwa watu waliokuwa hawaalikwi kabisa, kualikwa hata kwa gunia kulionekana hatua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua kali, mto umejaa na rangi ya chai ya maziwa. Treni ilibeba waziri, madiwani, wake zao na kofia zao. Mimi nilikuwa behewa la kwanza nakagua tiketi. Chini, ukingoni, mwogeleaji alikuwa tayari na chupi yake ya kuogelea, na kulikuwa na mashua mbili zenye watu wa bunduki kumlinda na mamba. Wili hakulindwa na mtu. Tukakanyaga daraja. Sanduku likakohoa, sauti ya siagi ikaanza.

Nikasikia mvuke unafungwa. Magurudumu yakalia. Treni ikasimama katikati ya daraja, kimya, maji yanapita chini yetu.

Coral alishuka, akatembea kwenye ubao mwembamba wa pembeni bila kushika kitu, akaingia behewani. Alikuwa na makaa usoni. Akalifungua sanduku, akashika nyaya zote kwa ngumi moja, akazing'oa.

"Mabibi na mabwana," akasema, "treni ni nzima. Dereva ndiye mgonjwa. Miaka ishirini na miwili nimemezeshwa uongo, leo nautapika."

Mke wa diwani mmoja akasema, "Jamani, tutachelewa chakula."

"Hutachelewa, mama. Babu yangu alimngoja baba yake mpaka akafa. Wewe utasubiri nyama."

Akaanza kusimulia. Alisema jina, Masoe wa Tongoa. Alisema kamba, bomba la kinu, mtoto mgongoni. Akafika kwenye meli na mikoko. Hapo Pollard akatokea anakimbia juu ya mataruma na viatu vyake vya kung'aa, jasho linamtoka.

"Coral! Endesha treni!"

"Nikimaliza."

"Unaniaibisha mbele ya waziri!"

"Wewe una aibu ya leo. Mimi nina ya babu yangu na ya baba yake. Panga foleni."

Mchochezi wake siku ile alikuwa Kev Zanetti, ambaye babu zake walikuja kutoka Italia kukata miwa baada ya watu wetu kufukuzwa. Kev alikuwa kijana, ana mkopo wa nyumba na mtoto mchanga. Alichungulia nje, akamwona Pollard anampungia mkono aiendeshe treni yeye. Kev akavuta kamba ya filimbi. Akaivuta na kuishikilia, mpaka mto mzima ukaitika.

Wale wa ukingoni walikuwa wanatazama juu hawajui kuna nini. Filimbi ile iliwaambia, na ilipokoma wakaisikia sauti ya Coral. Mama yangu alikuwa na miaka sabini. Alivua gunia, akabaki na gauni lake la kanisani, akalitupa gunia mtoni. Wa pembeni yake akavua. Wakaanza kupanda ule mteremko wa mawe, wazee wanasukumwa na vijana, wakaja kusimama kwenye njia ya miguu ya daraja, sambamba na madirisha ya waziri. Hawakupiga kelele. Walisimama wakamsikiliza Coral mpaka akamaliza. Hapo chini mwogeleaji alibaki peke yake anauliza, "Nivuke au nisivuke?"

Jioni hiyo hiyo Coral alisimamishwa kazi.

Jumatatu Kev aliambiwa aendeshe. Akasema mgongo umemshika ghafla. Wakapiga simu kwa dereva wa makumbusho ya wilaya ya jirani. Akauliza kwanza ni nani aliyesimamishwa na kwa nini, akajibiwa, akasema mashua yake imetoboka na kuiziba kutamchukua hadi Krismasi. Garimoshi likapoa. Ndege wakajenga kiota kwenye bomba lake.

Msidhani ilikuwa raha. Dirisha la Coral lilivunjwa kwa jiwe. Kwenye uzio wake waliandika lile tusi walilowaitia mabibi na mababu zetu, kwa rangi nyekundu. Kwenye duka la nyama alisimama mstarini mpaka waliokuja baada yake wakahudumiwa wote, akaondoka. Dada yake mwenyewe alimwomba aombe radhi yaishe. Nilimtembelea jioni moja nikamkuta anasugua uzio.

"Shangazi, huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa. Nani kakudanganya kwamba mwenye hasira haogopi?" Akanipa brashi. "Anzia mwisho ule."

Bodi ilimwita. Walikuwa na sentensi mpya wameshaitunga: Davie Halloran, akisaidiwa na mtumishi mweusi mwaminifu. Walimsomea wakingoja ashukuru.

"Mtumishi wa nani?" akawauliza. "Mwaminifu kwa nani? Na jina lake?"

Mwenyekiti akasema jina geni litawachanganya wageni. Coral akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Waliomrudisha ni watu wa mahoteli. Wageni walikuwa wanapiga simu kuuliza kama treni inatembea, wakiambiwa haitembei wanapita kwenda mji mwingine. Mwezi wa tisa bodi ikakubali: arudi, sanduku lisirudi, asimulie mwenyewe. Hakuna aliyemwomba radhi. Naliandika hili makusudi, kwa sababu kwenye kijitabu chetu cha wageni imechapwa kwamba "makumbusho yaliamua kuisimulia historia kwa upana zaidi." Makumbusho hayakuamua kitu. Yalishindwa na mwanamke mmoja, mchochezi mmoja, na bibi vizee waliopanda mawe.

Tangu hapo, miaka kumi na miwili, kila safari treni imesimama katikati ya daraja na Coral amesimulia. Wapo waliolia. Wapo waliodai warudishiwe nauli. Na yupo bibi mmoja, miaka minne iliyopita, nguo safi, lulu shingoni, aliyebaki behewani wenzake walipokwisha kushuka. Akamwambia Coral kwamba yeye ni mjukuu wa Davie.

"Nilitaka ujue," akasema, "nyumbani kwetu tulijua siku zote. Babu alituambia sisi watoto. Alikuwa akiota usiku anaita jina la huyo Wili."

Nilikuwa mlangoni. Nilifikiri Coral angemkumbatia. Hata mimi machozi yalikuwa yananilenga. Coral alimtazama tu.

"Mlijua," akasema.

"Tulijua."

"Babu Abel alikufa anaitwa mwongo kwenye mji huu, na nyinyi mlijua."

Bibi akaanza kulia. Coral akamwonyesha dirishani, pale sanamu ilipo, watu wakipiga nayo picha. "Usinililie mimi. Nenda kawaambie wale."

Bibi alishuka. Alipita mbele ya sanamu, akasita kidogo, akapanda basi lake. Coral aliendesha safari iliyofuata kwa wakati wake. Jioni, wakati wa kumwaga majivu, ndipo alipoketi kwenye ngazi ya garimoshi akajifunika uso kwa kile kitambaa cha mafuta, na mimi na Kev tukakaa chini kando yake.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyaandika, na ningeishia hapo kama si jambo la wiki iliyopita. Tumearifiwa kwamba Coral akishaondoka, sanduku linarudi. Ni jipya, halina kanda tena, na ndani yake ameingizwa mwigizaji anayesema kwamba inasemekana alikuwa Davie, na wengine husema alikuwa mtu wa visiwani, na ukweli umezama mtoni. Meneja alitukusanya karakana kutueleza.

"Hii ni historia yenye pande mbili," akasema.

Kev, ambaye sasa ndiye dereva mkuu, alikuwa anakaza nati. Hakuinua kichwa. "Mto una pande mbili," akasema. "Aliyeuvuka ni mmoja."

Madereva ni watatu, na wote watatu walifundishwa na Coral. Wamemwambia meneja, kwa adabu, kwamba sanduku anaweza kulifunga apendapo, lakini hakuna atakayeliwasha. Ameahidi kulipeleka suala hili kwenye bodi. Hatujui bodi itasema nini. Tunajua walivyosema zamani, na tunajua tulivyofanya.

Coral mwenyewe ataondoka Januari na binti zake wawili kwenda Tongoa, mara yake ya kwanza. Wili alifika huko, akaishi, akazeeka. Wajukuu wa ndugu zake wapo, wamezungumza na Coral kwenye simu, na kumbe huko nako kuna hadithi, ya mtoto aliyeachwa kwenye mikoko ambaye mzee alimtaja mpaka siku ya mwisho. Nilimuuliza atawaambia nini.

"Sitawaambia kitu," akasema. "Mimi nimesema sana. Nitakaa chini, wanipe chakula, wao ndio waseme."

Shangazi Coral, tunakushukuru kwa mayai ya koleo, kwa brashi uliyonipa mkononi, kwa kila safari uliyosimama wakati ilikuwa rahisi kupita. Tunashukuru kwamba hukuwa mpole. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, wajukuu wengi wenye sauti kubwa, na bahari tulivu ya kuendea kwenu. Na Jumatatu, tarehe moja Desemba, saa nne asubuhi, uwapo barazani kwako ng'ambo ya mto, tega sikio. Ukisikia magurudumu yamelia na kimya kikafuata, ujue tumefika katikati ya daraja, na tumefunga breki.

Glenys Aoba
Dirisha la tiketi, kwa niaba ya wafanyakazi